Jinsi upasuaji wa aota ulivyomfikia mtoto wa wiki moja

Oktoba 19, 1944, katika hospitali ya Sabbatsberg jijini Stockholm, daktari mpasuaji Clarence Crafoord alikata kipande cha mshipa mkuu wa damu wa mvulana wa miaka 12, akaziunga kwa uzi ncha mbili zilizobaki, na mvulana akapona. Vitabu vya tiba hulitaja tukio hilo kwa fahari, na fahari hiyo ni halali yake. Kinachopitwa upesi katika vitabu hivyo ni kwamba kichanga wa wiki moja mwenye kasoro hiyohiyo aliendelea kufa, huko Stockholm na kwingineko, kwa karibu miaka 30 mingine, isipokuwa wachache waliobahatika. Kisu kilikuwepo na uzi ulikuwepo. Wapasuaji nao walikuwepo, tena hodari.

Aota ndiyo mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Hutoka upande wa kushoto wa moyo, hupanda kidogo, kisha hupinda kama mpini wa bakora na kushuka kifuani hadi tumboni. Kwenye mpindo huo hutoka mishipa ya kichwa na ya mikono; damu inayobaki hushuka kulisha ini, figo, utumbo na miguu. Wapo watoto wanaozaliwa na aota iliyobanwa mara tu baada ya mpindo huo, pengine tundu linalobaki halifiki hata milimita mbili. Madaktari huiita hali hiyo koaktesheni, na huwapata takriban watoto 4 katika kila 10,000 wanaozaliwa hai. Wengine, wachache zaidi, huzaliwa aota yao imekatika kabisa, kipande cha juu hakigusani na cha chini.

Mtu atauliza: mtoto huyo aliishije tumboni miezi tisa? Aliishi kwa msaada wa mshipa mfupi ambao sote tulikuwa nao. Tumboni mwa mama, mapafu hayafanyi kazi ya kupumua, kwa hiyo damu nyingi inayoelekea huko hukwepeshwa na mshipa unaouunganisha mshipa wa mapafu na aota. Mshipa huo huitwa daktasi. Mtoto akishazaliwa na kuvuta pumzi, daktasi haina kazi tena, nayo hujikaza na kujifunga, kwa kawaida ndani ya siku mbili tatu. Kwa mtoto mwenye aota nzima, hilo hupita bila mtu kujua. Kwa mtoto ambaye aota yake imebanwa au imekatika, daktasi ndiyo iliyokuwa ikipeleka damu nusu ya chini ya mwili, na siku inapojifunga, nusu hiyo hubaki bila chakula.

Ndiyo maana ugonjwa huu unadanganya sana. Mtoto huzaliwa analia vizuri, ananyonya, mama anaruhusiwa, wageni wanakuja kumwona. Siku ya nne au ya saba anakataa ziwa. Anahema haraka, miguu inapoa, nepi inabaki kavu. Akirudishwa hospitali anaonekana kama mtoto aliyepata maambukizi kwenye damu, na mara nyingi hutundikiwa dawa za maambukizi hadi mwisho wake.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana zamani, ila ulijulikana kwa maiti. Giovanni Battista Morgagni wa Padua aliukuta mwaka 1760 alipoipasua maiti ya mtawa mmoja. Mwaka 1778, huko Vienna, Raphael Steidele aliandika juu ya aota iliyokatika. Karne nzima na zaidi ikapita, watu wakihesabu na kuchora walichokikuta mezani. Mwaka 1903 Mfaransa aitwaye Bonnet akaugawa ugonjwa katika mafungu mawili, la vichanga na la watu wazima, na mgawanyo huo ukawa na madhara ambayo nadhani mwenyewe hakuyakusudia. Robo karne baadaye Maude Abbott wa Montreal, mwanamke ambaye Chuo Kikuu cha McGill kilimkatalia kusoma udaktari kwa sababu ya jinsia yake kisha kikamwachia jumba lake la makumbusho ya tiba alisimamie, alikusanya kumbukumbu za maiti 200 za watu waliokufa na aota iliyobanwa. Kazi yake ya mwaka 1928 bado husifiwa. Lakini maiti zote 200 zilikuwa za watu waliovuka umri wa miaka 2. Fungu la vichanga halikuwemo.

Ukiisoma historia hii kwa mpangilio huo, unaona jinsi ugonjwa ulivyopata sura ya kijana mwenye presha kali ya mikononi, kichwa kinachomuuma na miguu dhaifu. Huyo ndiye aliyeonekana mgonjwa wa kutibiwa. Na kweli alihitaji tiba: mahesabu yaliyochapishwa baadaye, mwaka 1970, yalionyesha kwamba waliovuka mwaka wa kwanza bila upasuaji walikufa, kwa wastani, wakiwa na miaka 34, kwa moyo kuchoka, aota kupasuka au mshipa wa ubongo kupasuka. Kichanga alikuwa tanbihi.

Kushona mshipa wa damu hakukuwa kitu kipya tena. Alexis Carrel wa Lyon alijifundisha mwanzoni mwa karne ya 20, na inajulikana kwamba alichukua masomo ya sindano kwa fundi wa kutarizi wa mji huo ili ajue kushika uzi mwembamba bila kuchana kitambaa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Ila kati ya kushona mshipa wa mbwa na kubana aota ya mtoto wa watu palikuwa na hofu moja kubwa: aota ikibanwa, uti wa mgongo hukosa damu, na mgonjwa huweza kuamka amepooza miguu.

Aliyeivunja hofu ya kugusa mishipa iliyo jirani na moyo ni Robert Gross wa hospitali ya watoto ya Boston. Agosti 26, 1938, akiwa na umri wa miaka 33, alimfungua kifua msichana wa miaka 7 ambaye daktasi yake ilikuwa imekataa kujifunga tangu kuzaliwa, akaifunga kwa uzi wa hariri. Mkuu wake, William Ladd, alikuwa likizo, na yasimuliwa kwamba angekuwepo asingekubali. Msichana aliishi hadi uzeeni. Jambo lililokuja kujulikana baadaye sana ni kwamba Gross alikuwa akitegemea jicho moja tangu utotoni. Mtu anayeshona mishipa ndani kabisa ya kifua kwa jicho moja! Sijui kama leo angepita usaili.

Tendo la Gross lilifungua mlango wa upasuaji wa moyo kwa watoto, na papo hapo likapanda wazo ambalo lingewagharimu vichanga: kwamba daktasi ni adui, na kazi ya mpasuaji ni kuifunga. Kwa miaka 37 hivi wazo hilo lilitawala, ingawa mtu mmoja aliona mapema kwamba halikuwa kweli kwa kila mtoto. Helen Taussig, daktari wa watoto wa Johns Hopkins huko Baltimore, alikuwa na wodi ya watoto wa buluu, wale ambao damu yao haipati oksijeni ya kutosha. Aliona kwamba baadhi yao huzidiwa pale daktasi inapojifunga. Akamwendea Gross kumwomba awatengenezee daktasi bandia. Gross, aliyekuwa amepata jina kwa kufunga daktasi, hakuvutiwa na ombi la kutengeneza nyingine. Taussig akarudi Baltimore na kumpata Alfred Blalock, pamoja na Vivien Thomas, fundi wa maabara mweusi asiye na shahada, aliyefanya majaribio yote kwa mbwa kisha akasimama kwenye stuli nyuma ya Blalock akimwelekeza wakati wa upasuaji. Hiyo ilikuwa Novemba 29, 1944, wiki sita baada ya Crafoord.

Turudi kwa Crafoord, maana yeye alifika kwenye aota kwa njia ya ajali. Miaka michache nyuma alikuwa akifunga daktasi ya mgonjwa, damu ikafumka, na ili kuizuia akalazimika kuibana aota juu na chini kwa zaidi ya dakika 20. Alimaliza akitarajia mabaya. Mgonjwa akaamka na akili yake na miguu yake. Crafoord akajiuliza: kama mtu mwenye aota nzima amestahimili muda wote huo, yule mwenye aota iliyobanwa, ambaye mwili wake umeshazoea kupata damu kidogo, si atastahimili zaidi?

Alikuwa sahihi. Mtu anayeishi miaka na aota iliyobanwa hujitengenezea njia za pembeni. Mishipa midogo ya katikati ya mbavu na ya kuzunguka bega hupanuka mwaka hadi mwaka, ikapitisha damu kutoka juu ya mbano hadi chini yake, na mingine hupanuka mpaka ikala ukingo wa mbavu, alama inayoonekana kwenye picha ya eksirei. Mpasuaji anapobana aota ya mgonjwa wa namna hiyo, damu inaendelea kupita pembeni. Mvulana wa miaka 12 aliyeletwa na daktari wa moyo Gustav Nylin alikuwa na njia hizo. Mkulima wa miaka 27 aliyefuata kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa nazo pia, tena pana zaidi.

Boston walikuwa wakiikimbilia shabaha hiyohiyo. Gross na Charles Hufnagel walikuwa wamekata na kuunga aota za mbwa kwa miaka kadhaa, na mbwa wengine waliamka wamepooza miguu ya nyuma. Mgonjwa wao wa kwanza, mtoto mdogo, alifariki mezani Juni 1945 pale vibanio vilipoachiwa na damu kukimbilia chini kwa ghafla. Julai wakamfanyia msichana wa miaka 12, safari hii wakikiachia kibanio polepole, na akapona. Kuachia kibanio polepole bado hufundishwa hadi leo. Suala la nani alitangulia liliacha uchungu kati ya Boston na Stockholm kwa miaka mingi, na kwa mtazamo wa leo ni ugomvi wa watu wawili waliokuwa sahihi wote.

Sasa fikiria kichanga wa siku tano. Njia za pembeni hana, kwa kuwa hadi juzi daktasi ilikuwa ikimhudumia. Anafika hospitali figo zimezima, damu imejaa tindikali, moyo umevimba kwa kusukuma dhidi ya ukuta. Aota yake haifiki unene wa kalamu. Na mshono ukiwa duara la hariri lisilopanuka, mtoto atakua, mshono hautakua naye. Zaidi ya yote, hakuna muda: alikuwa akipasuliwa usiku wa manane, akiwa katikati ya kufa.

Kwa hiyo katika miaka ya 1950 madaktari waligawanyika. Wengi walichagua kumpa mtoto dawa iitwayo dijitalisi ili kuuimarisha moyo, wakiomba afike umri wa kupasuliwa. Wachache walithubutu. Mwaka 1952 John Kirklin na wenzake wa Mayo Clinic walichapisha habari za mtoto wa wiki 10 waliyemfanyia upasuaji akapona. William Mustard wa Toronto naye aliingia kwenye mwaka wa kwanza wa maisha. Kila aliyethubutu alirudi na habari mbili: inawezekana, na wengi wanakufa. Waliopona, wengi walirudi baada ya miaka michache aota imejibana tena palepale pa mshono.

Mbinu zikaanza kumiminika. Karl Vossschulte wa Giessen, Ujerumani, aliipanua aota kwa kuishonea kiraka badala ya kuikata. Ilionekana rahisi na salama, mpaka miaka ilipopita na ukuta wa aota ulio mkabala na kiraka cha kitambaa bandia ukaanza kufura kwa baadhi ya wagonjwa, hata ukapasuka. Mwaka 1966 John Waldhausen na mwenzake Nahrwold wakaja na njia iliyowavutia wapasuaji wa vichanga kuliko zote: wanaukata mshipa wa mkono wa kushoto juu kidogo ya unapotoka kwenye aota, wanaupasua kwa urefu, kisha wanaulaza kama ulimi juu ya sehemu iliyobanwa na kuushona hapo. Ni nyama ya mtoto mwenyewe, kwa hiyo inakua. Mkono haufi, hupata damu kwa njia za pembeni, ila mapigo ya kifundo cha mkono huo hupotea au hudhoofika, na wengine mkono hubaki mfupi kidogo kuliko mwenzake. Kutoa mapigo ya mkono ili kuokoa miguu na figo: wazazi wengi walikubali bila kuuliza mara mbili.

Na bado vichanga walikufa. Tatizo lilikuwa saa zile za kabla ya kisu.

Suluhisho lilianzia, cha ajabu, Stockholm tena, na kwa kondoo. Katika miaka ya 1930 Ulf von Euler alikuta kwenye manii na tezi za uzazi kitu kinacholegeza mishipa ya damu, akakiita prostaglandini. Sune Bergström na Bengt Samuelsson, wa mji huohuo, walitumia miaka mingi kukisafisha na kukitenga kutoka tezi za kondoo, na pamoja na Mwingereza John Vane wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akifikiria vichanga wenye kasoro ya aota.

Aliyefikiria ni Flavio Coceani, mtaalamu wa fiziolojia katika hospitali ya watoto wagonjwa ya Toronto, akiwa na daktari wa moyo Peter Olley. Walichukua daktasi ya kijusi cha kondoo, wakaining'iniza kwenye chombo cha maabara, wakaipa oksijeni ikajikaza kama inavyojikaza kwa mtoto aliyezaliwa, kisha wakaipa prostaglandini ya aina ya E. Ikalegea. Mwaka 1973 wakatangaza matokeo. Januari 1975 Robert Elliott, Starling na Neutze wa Auckland, New Zealand, wakaripoti kwamba wameitumia kwa vichanga wa buluu. Toronto nao wakachapisha yao mwaka 1976. Hao wote walikuwa watoto ambao damu haifiki mapafuni. Mwaka 1979 Michael Heymann, Abraham Rudolph na wenzao wa San Francisco wakaonyesha kwamba dawa hiyohiyo humfaa mtoto ambaye aota yake imebanwa au imekatika.

Aliyewahi kuona dawa hii ikifanya kazi hahitaji kuelezwa. Mtoto wa rangi ya majivu anawekewa dripu. Ndani ya saa moja mbili kidole kinachopapasa kinena kinakutana na mapigo ambayo hayakuwepo, nyayo zinapata joto, na baadaye nepi inalowa. Hakuna kilichorekebishwa. Aota bado imebanwa vilevile. Mlango wa pembeni umefunguliwa tu, na mtoto amepewa siku tatu nne za kupumzika, figo ziamke, tindikali iondoke. Upasuaji ukahama kutoka usiku wa manane hadi zamu ya asubuhi, kwa mtoto mwenye joto mwilini na mkojo kwenye nepi. Miaka thelathini ya kubuni mishono haikufanya yaliyofanywa na chupa moja. Naliandika hilo nikijua kuna wapasuaji wasiopenda kulisikia.

Dawa yenyewe si ya kuchezea. Mapafu huiharibu karibu yote katika mzunguko mmoja wa damu, kwa hiyo lazima itiririke kwa pampu bila kukatika. Ikikatika, daktasi hujikaza tena. Humpandisha mtoto homa, na huweza kumfanya aache kupumua, kwa hiyo anayeitoa awe na mtu na mashine ya kumpumulisha karibu. Marekani iliidhinisha mwaka 1981.

Kwa wale ambao aota yao imekatika kabisa kulihitajika jambo la ziada, nalo ni baridi. Kuunga vipande vilivyoachana kwenye mpindo wa aota ni lazima damu isipite hapo kwa muda. Brian Barratt-Boyes wa hospitali ya Green Lane, Auckland, akifuata kazi ya Wajapani wa Kyoto, aliwapoza vichanga kwa mifuko ya barafu, akamalizia kuwapoza kwa mashine ya moyo na mapafu hadi chini ya nyuzi 20 za sentigredi, kisha akaisimamisha mashine. Ubongo uliopozwa kiasi hicho hustahimili kwa muda, dakika 40 hivi au zaidi kidogo, bila damu. Katika muda huo mpasuaji hushona kwenye uwanja mkavu. William Norwood aliuchukua ujuzi huo mbele zaidi na mwaka 1983 akachapisha namna ya kuwajengea upya aota watoto ambao upande mzima wa kushoto wa moyo haukukua. Hiyo ni hadithi nyingine, na ni ndefu.

Kwa koaktesheni ya kawaida, njia iliyoshinda mwishoni ni ile ya Crafoord, iliyofanyiwa marekebisho makubwa. Mtoto hulazwa ubavu wa kulia akiwa kwenye nusu kaputi. Kifua hufunguliwa upande wa kushoto, kati ya ubavu wa tatu na wa nne au wa nne na wa tano, na pafu hubanduliwa mbele taratibu. Mbele ya mpasuaji, aliyevaa miwani ya kukuza, zinaonekana aota, mbano na daktasi, na juu yake mshipa wa fahamu unaojipinda chini ya daktasi kurudi kooni. Ukiguswa vibaya, mtoto atalia kwa sauti ya kukwaruza. Joto la mwili huachwa lishuke hadi nyuzi 34 au 35 ili kuukinga uti wa mgongo. Daktasi hufungwa, vibanio huwekwa, na hapa ndipo penye tofauti na mwaka 1944: mpasuaji hukata nyama yote ya daktasi iliyoingia kwenye aota, kwa kuwa nyama hiyo ndiyo inayojikaza na kubana upya. Josef Škoda wa Vienna aliishuku katika karne ya 19. Darubini ikathibitisha baadaye. Kisha tumbo la mpindo hupasuliwa kwa mshazari, aota ya chini huvutwa juu, na viwili hivyo hushonwa kwa uzi unaokaribia wembamba wa unywele. Jeraha la mshazari ni pana kuliko la duara, kwa hiyo hata likijikunja kidogo nafasi inabaki. Joseph Amato na wenzake walieleza wazo hilo mwaka 1977, na wengine wakalikamilisha miaka ya 1980. Kibanio hukaa dakika 15 hadi 20 hivi. Hofu ya kupooza ilipimwa mwaka 1972, pale majibu yalipokusanywa kutoka hospitali nyingi: wagonjwa 51 katika 12,532. Ni wachache, na kila mmoja wao alikuwa mtoto au kijana aliyeingia akitembea au angetembea.

Puto nalo lilijaribiwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wanaweza kupitisha mrija kutoka kwenye paja hadi kwenye mbano na kulipanua kwa puto. Kwa watoto wakubwa, na kwa wale ambao mshono umejibana tena, ni tiba nzuri. Kwa kichanga halidumu, kwa kuwa nyama ya daktasi bado ipo na hurudi kujikaza. Baadhi ya hospitali huweka stenti ndogo kwa njiti asiyeweza kustahimili kisu, wakijua watakuja kuiondoa.

Huku kwetu, upasuaji wa aota iliyobanwa una sifa moja inayoufanya uwezekane mapema kuliko mwingine wa moyo: hauhitaji mashine ya moyo na mapafu. Kwa miaka mingi mtoto wa Kitanzania au wa Kenya mwenye tatizo la moyo alisubiri rufaa ya kwenda India, na kichanga wa wiki moja hawezi kusubiri barua, pasi na tiketi. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikasimama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako madaktari wa ndani na timu za nje huwapasua watoto. Kisu, basi, kimefika Dar es Salaam. Prostaglandini ni habari nyingine. Chupa zake hutakiwa zikae kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, bei yake si ya kawaida, na si dawa utakayoikuta kwenye kabati la kila wodi ya watoto mkoani. Mtoto wa Kigoma au wa Turkana ambaye daktasi yake imejifunga jana ana umbali wa kusafiri, na dawa ya kumvusha umbali huo ndiyo aghalabu haipo alipo yeye.

Na kabla ya dawa, lazima mtu ashuku. Altrasaundi ya mjamzito mara nyingi hukosa koaktesheni, kwa kuwa tumboni daktasi iko wazi na kila kitu kinaonekana kinapita. Kipimo cha oksijeni cha kubana kidole, ambacho Marekani ilianza kukipendekeza kwa kila mtoto mchanga mwaka 2011, hukamata kasoro nyingine vizuri kuliko hii. Mkunga anayeweka vidole kwenye kinena cha mtoto na kulinganisha na mapigo ya mkono bado ana nafasi kubwa ya kuikamata, na hata yeye anaweza kudanganywa iwapo atapapasa siku ya kwanza, daktasi ikiwa bado haijajifunga.

Katika hospitali zilizozoea kazi hii, sasa hufariki pungufu ya watoto 3 katika kila 100 wanaopasuliwa kwa mbano lisiloambatana na kasoro nyingine. Waliopona hawaachi kliniki. Presha huweza kuwapanda ukubwani hata kama mshono ni mzuri, na aliyepasuliwa akiwa mkubwa ana hatari hiyo zaidi kuliko aliyepasuliwa uchangani. Kizazi cha kwanza cha vichanga wa dripu ya prostaglandini sasa kina miaka arobaini na kitu. Wengi wao walipasuliwa kwa njia ya Waldhausen, kwa hiyo mkono wao wa kushoto hauna mshipa wake wa asili. Nesi asiyejua historia hiyo akiwafunga kipimo cha presha mkono wa kushoto atasoma namba ya chini na kuwaambia wako salama. Inayotakiwa ni ya mkono wa kulia.